Imamu Abdurrahman bin Rustam na Haki ya Wanyonge katika Mji wa Tahart

Imamu Abdurrahman bin Rustam (Mwenyezi Mungu Amrehemu) ndiye Imamu wa kwanza wa dola ya Rustamiyya, dola ya Kiibadhi iliyosimama katika nchi za Maghrib zaidi ya miaka mia na thalathini. Makao yake makuu yalikuwa mji wa Tahart, karibu na mji unaoitwa leo Tiaret, nchini Algeria. Vitabu vya tarehe vimemtaja sana kwa habari za vita na za Uimamu, na hayo ni mambo makubwa. Lakini lipo jambo jingine katika maisha yake ambalo halipewi haki yake, nalo ni namna alivyopanga mambo ya mayatima, wajane, wazee na mafakiri wa mji wake, mpango uliofuatwa mwaka baada ya mwaka, wala haukuwa ukarimu wa siku moja. Na mtu huyu aliyaona yote hayo kwanza katika nafsi yake, kwani alikuwa yatima kabla ya kuwa Imamu, na alibebwa mabegani kabla ya kubebeshwa mzigo wa umma.

Asili ya baba yake Rustam ni Mfursi. Wapokezi wa Kiibadhi wanasimulia kwamba Rustam alitoka Iraq na mkewe na mwanawe mdogo akielekea Maghrib, na walipofika Makka katika msimu wa Hija mauti yalimfika huko. Basi mkewe akabaki mjane ugenini, hana ndugu wala shemeji, na mtoto mkononi. Katika mahujaji wa mwaka ule walikuwamo watu wa Maghrib, na mmoja wao, mtu wa Kairawan, akamuoa mama yule na akarudi naye kwao pamoja na mtoto. Huko Kairawan, mji uliojengwa na Uqba bin Nafii mwaka 670, ndiko Abdurrahman alikokulia.

Inafaa kusimama kidogo hapa, kwani wasimulizi wengi hulipita jambo hili kwa haraka. Yatima katika sharia ni yule aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe, hata kama mama yake yu hai. Na baba wa kambo hakulazimishwa na sharia kumlisha mtoto wa mkewe. Jukumu hilo, mtoto akiwa hana mali, liko juu ya jamaa zake wenye kumrithi. Jamaa wa Abdurrahman walikuwa mbali, Mashariki, njia ya miezi. Kwa hivyo kila tonge alilokula Kairawan, na kila herufi aliyofundishwa, ilitoka kwa mtu asiye na deni juu yake. Jina la mtu huyo si mashuhuri kama la mtoto aliyemlea, lakini lau angaliona uzito wa kuwachukua wote wawili, habari zote zinazofuata zisingalikuwapo.

Alipokuwa kijana alisikia mwito wa Ahlul-Istiqama, ambao Salama bin Saad alikuwa amekwisha kuuleta Maghrib, na ukamwingia moyoni. Akaelekezwa kwenda Basra kwa Sheikh Abu Ubaida Muslim bin Abi Karima, aliyekuwa kiongozi wa Maibadhi baada ya Jabir bin Zaid. Alisafiri, na huko akakutana na wenziwe katika elimu: Asim wa Sadrata, Ismail bin Darrar wa Ghadamis, na Abu Daud wa Nafzawa, watu wa Maghrib, pamoja na Abul-Khattab Al-Maafiri kutoka Yemen. Hao ndio wanaoitwa wachukuzi wa elimu. Walikaa kwa Sheikh miaka mitano, tangu mwaka 135 Hijria hadi mwaka 140, wakisoma katika chumba cha chini ya ardhi, kwani watawala wa wakati ule waliwaandama. Mlangoni pa chumba uliwekwa mnyororo. Akipita mgeni mnyororo hutikiswa, nao huacha kusoma na kushika ukindu, wakaonekana ni wasukaji wa makapu tu.

Jamaa hii ya Basra ilikuwa na mali yake ya pamoja. Abu Ubaida alisimama katika elimu, na Hajib At-Tai katika mambo ya fedha na ya nje: huchukua kwa wenye uwezo na kuwapelekea wenye haja. Mwanafunzi aliyetoka mbali aliliona jambo hilo kwa macho yake, kwamba watu wasio na serikali wala gereza wanaweza kuwa na hazina, na hazina hiyo ikaaminiwa. Inasimuliwa pia kwamba Abdurrahman alipotaka kurudi kwao, vizee wa jamaa ile waliomba ruhusa kwa Sheikh wamwone na wamuombee. Wakaingia watatu, na kila mmoja akamuombea baraka kwa namna yake. Hawa walikuwa wakongwe ambao wangeweza kuachwa nyuma ya nyumba, na badala yake waliitwa kumuaga mtu aliyetarajiwa kuwa na jambo kubwa mbele yake.

Mwaka 140 Hijria, sawa na mwaka 757, Abul-Khattab alibaiiwa kuwa Imamu katika pande za Tripoli, na mwaka uliofuata akaiteka Kairawan na kuwaondoa Warfajuma waliokuwa wamewadhulumu watu wake. Akamwacha Abdurrahman kuwa liwali wa mji ule uliomlea. Hali hiyo haikudumu. Mwaka 144 Hijria, sawa na 761, jeshi la Bani Abbas chini ya Ibn Al-Ashath lilimuua Abul-Khattab na watu wengi pamoja naye huko Tawargha. Abdurrahman alikuwa njiani kwenda kumsaidia. Habari zilimfikia pande za Qabis. Akarejea, na akakuta Kairawan imemgeukia. Akatoka usiku kuelekea magharibi, na pamoja naye watu wawili tu, mwanawe Abdulwahhab na mtumwa wake, na farasi mmoja.

Farasi yule akafa njiani. Wakamzika, wasije wanaowafuata wakauona mzoga wakatambua kwamba hawana tena kipando, na mahali hapo pakaitwa Kaburi la Farasi. Baada ya hapo Abdurrahman, ambaye nguvu zake zilikuwa zimepungua, hakuweza kwenda mwendo ule kwa miguu, basi mwanawe na mtumwa wake wakambeba kwa zamu. Akichoka huyu humpokea yule. Mwenye kuhesabu miaka atauliza imekuwaje kijana wa Basra awe amekwisha kuwa mtu wa kubebwa katika muda mfupi namna hii, na swali lake ni la haki. Tarehe za wapokezi haziendi sawa hapa. Lakini habari ya kubebwa imepokewa na wapokezi wa Kiibadhi, nao hawakuipamba. Abdulwahhab alikuwa mtoto mwenye wajibu wa mzazi wake juu ya mabega yake hasa. Ama yule mtumwa, simulizi zinamtaja kwa kazi yake tu. Alibeba nusu ya njia, sawa na mwana.

Wakafika katika mlima wa Suf Ajaj, na Ibn Al-Ashath akawazingira, kisha maradhi yakaingia katika jeshi lake akaondoka. Watu wakaanza kumkusanyikia Abdurrahman kutoka Tripoli na Jabal Nafusa na kwingineko, wengi wao wakiwa wamepoteza waume, baba na watoto katika vita vile. Ni vizuri kulikumbuka jambo hili tunapofika kwenye ujenzi wa Tahart. Mji ule haukujengwa na matajiri waliotafuta mahali pa baridi pa kupumzikia. Ulijengwa na watu waliofiwa.

Mahali walipopachagua palikuwa msitu wenye wanyama wakali, nao ulikuwa na wenyewe, basi wakapatana nao kwa malipo kabla ya kukata mti mmoja. Wakajenga msikiti kwanza, kisha nyumba. Mwaka 160 Hijria, sawa na 776 au 777, wakaona kwamba wamekuwa wengi na wanahitaji Imamu. Katika kila kabila walikuwamo wakuu wawili watatu wanaofaa, na kila kabila lilichelea mkuu wa kabila jingine. Hatimaye wakamtazama Abdurrahman. Alikuwa na elimu, alikuwa miongoni mwa wachukuzi watano, Abul-Khattab alikwisha kumwamini. Na zaidi ya hayo hakuwa na kabila. Akifanya uadilifu watampata wanayemtaka, na akigeuka hana ukoo wa kumkinga wasimwondoe. Ile hali ya kutokuwa na jamaa, iliyomfanya mama yake ababaike Makka, ndiyo iliyomfanya mwanawe aaminiwe na watu wote.

Habari zikafika Basra. Maibadhi wa huko wakakusanya mali wakaipeleka na wajumbe. Wajumbe walipoingia mjini wakauliza nyumba ya Imamu, wakaelekezwa, wakamkuta mtu juu ya dari anaziba nyufa kwa udongo, na chini yuko mtumwa anampa udongo ule. Wakamwomba mtumwa awaombee ruhusa kwa bwana wake, na yule wa juu ndiye aliyekuwa Imamu. Akateremka, akaosha mikono, akawakaribisha. Nyumbani hapakuwa na kitu ila mkeka, ngozi juu yake, mto, upanga na mkuki, na farasi amefungwa upande mmoja. Akawaletea mkate na samli na chumvi. Wajumbe wakashauriana pembeni, wakaona kwamba mtu huyu hana haja ya kuchunguzwa zaidi, wakamkabidhi mali.

Hakuipokea peke yake. Alingoja watu wakusanyike msikitini, akawapa habari, akataka shauri. Wakakubaliana igawanywe mafungu matatu: theluthi ya vipando vya jihadi, theluthi ya silaha, na theluthi ya mafakiri na wanyonge. Mji ulikuwa bado mchanga, adui yuko Kairawan, ukuta haujatengemaa, na juu ya hayo mnyonge akapewa fungu sawasawa na upanga. Wajumbe walikuwapo wakashuhudia mgawanyo ule kabla hawajarudi kwao.

Hiyo ilikuwa zawadi. Lakini zawadi huja mara moja, na njaa huja kila mwaka. Mpango wenyewe wa Tahart ulisimama juu ya zaka, na habari zake tumezipata kwa Ibn As-Saghir, aliyeishi katika mji huo mwishoni mwa dola ile na akaandika tarehe ya Maimamu wake.

Ulipofika wakati wa mavuno wakusanyaji walitoka wakachukua zaka ya nafaka, na kwa wenye kondoo na ngamia wakachukua iliyowajibika, hawamdhulumu mtu wala hawadhulumiwi. Nafaka ikafika mjini ikagawiwa mafakiri hivyo hivyo ilivyo, kwa sababu mwenye njaa anahitaji chakula, na kukiuza chakula ili kumpa fedha akanunue chakula ni kumzungusha bure. Wanyama ndio waliouzwa. Katika fedha zile, wakusanyaji walilipwa kwanza, kila mmoja kwa kadiri ya kazi yake; nao ni katika mafungu manane yaliyotajwa katika Sura ya Tawba. Mkusanyaji aliyelipwa haki yake hana udhuru wa kujilipa mwenyewe njiani.

Kisha likaja jambo ambalo serikali nyingi za zama zile hazikulifanya. Imamu aliuliza idadi. Wako wangapi katika mafakiri na masikini wa mji huu na wa pande zake? Wakahesabiwa. Baada ya kujulikana hesabu ndipo fedha zilizobaki zilipotumika kununua nguo za sufi, majuba ya sufi, mavazi ya ngozi yenye manyoya, na mafuta ya zaituni, vikagawiwa kila nyumba kwa kadiri ya haja yake.

Msomaji aliyezaliwa pwani huenda akastaajabu kwa nini sufi na manyoya. Tahart iko juu, karibu mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na baridi yake ilikuwa mashuhuri hata mshairi Bakr bin Hammad, mzaliwa wa mji huo, akailalamikia katika beti zake. Katika mji kama huo mtoto mchanga na mkongwe huweza kufa kwa baridi nao wameshiba. Vitu vile vilichaguliwa na mtu aliyefikiri ni nini kinachomuua mnyonge mahali hapo hasa. Na vilipelekwa kwa hesabu ya nyumba: bibi kizee anayekaa na wajukuu wake hakuhitaji kusimama katika msongamano msikitini, akasukumwa na wenye nguvu ili apate juba.

Hapakuwa na nyumba ya wazee wala ya mayatima katika mji ule. Mkongwe alikaa kwa mwanawe, yatima kwa ami yake au mama yake, na Baitul-Mali ikaisaidia nyumba ile isielemewe. Familia nyingi zinazoishi leo Uingereza, Marekani au nchi za Ghuba zinaujua mzigo huu kutoka upande mwingine. Huko serikali zina posho za wazee na za watoto, na watumishi wanaokuja nyumbani, lakini mara nyingi ami na shangazi wako bara nyingine, na mtoto mmoja hubaki na wazazi wawili wakongwe peke yake. Mpango wa Tahart ulidhani kwamba nyumba ipo na ukaisimamisha. Nyumba ikiwa imetawanyika kazi ni nzito zaidi, na si haki kumlaumu aliyebaki kwamba hatoshi.

Imamu mwenyewe na watu wake hawakula katika zaka ile. Riziki yake, ya wasaidizi wake, ya makadhi na ya walinzi wa mji, ilitoka katika jizya na kharaji ya ardhi, nao walichukua cha kuwatosha mwaka mmoja. Kilichozidi kilitumika katika maslahi ya Waislamu. Mafungu mawili hayakuchanganywa. Na palipokuwa na dhulma ambayo nguo na mafuta haviwezi kuiondoa, Imamu alikaa msikitini kwa ajili ya mjane na mnyonge. Mlinzi na mlango havikuwatenga naye. Mwanamke aliyenyang'anywa sehemu ya mirathi ya watoto wake na shemeji mwenye nguvu alijua mahali pa kwenda na mtu wa kumkuta.

Lipo jambo moja ambalo haifai kulificha. Ibn As-Saghir anasema kwamba katika mgawo ule mafakiri wa madh-hebu ya Imamu walitangulizwa. Mji ulikuwa na watu wa namna nyingi, kutoka Basra, Kufa na Kairawan, wenye misikiti yao, na bila shaka miongoni mwao walikuwamo mafakiri. Wapo watakaosema kwamba wale ndio waliotoa zaka, basi masikini wao wana haki ya kwanza, na hoja hiyo ina msingi katika fiqhi. Lakini baridi ya Tahart haikuuliza madh-hebu, na mpango uliohesabu watu wote ungependeza zaidi lau ungalitoa kwa mizani moja. Jambo hili halibatilishi mema mengine. Ni sehemu ya habari, nalo lisemwe kama lilivyo.

Baada ya miaka michache wajumbe wa Basra wakaja tena, na safari hii mali ilikuwa nyingi kuliko ya kwanza. Wakaukuta mji umebadilika: majumba, bustani, vinu, na misafara inayokwenda mpaka nchi za Wasudani. Imamu peke yake hakubadilika. Akawashauri watu wake, wakamwachia shauri, naye akaamua mali irudishwe. Walipoipokea mara ya kwanza walikuwa wahitaji. Sasa Mwenyezi Mungu Amewatosheleza, na huko Mashariki wako ndugu walio chini ya mtawala jeuri, wenye haja nayo zaidi. Wajumbe waliona uzito kurudi na mizigo ile safari ya miezi, lakini neno la Imamu lilikuwa la kutiiwa, wakarudi. Msaada una wakati wake wa kukoma, na si wengi wanaopewa wakasema wenyewe kwamba wakati huo umefika.

Mauti yalipomkaribia aliifuata njia ya Umar bin Al-Khattab, akaliacha jambo katika shura ya watu waliochaguliwa, mmoja wao akiwa Abdulwahhab, mwana aliyembeba njiani, na mwingine Masud Al-Andalusi. Watu walimwelekea Masud, akajificha, ndipo Abdulwahhab alipobaiiwa. Baina ya watu palizuka mzozo juu ya bai'a hiyo, na habari zake ni ndefu. Wanahistoria wamekhitilafiana katika mwaka wa kufa kwake, wengine wakitaja 168 Hijria na wengine 171.

Dola ilidumu hadi mwaka 296 Hijria, sawa na 909, Mafatimi walipoiangusha Tahart. Waliosalimika wakakimbilia jangwani upande wa Wargla, na baada ya vizazi Maibadhi wakajenga miji ya bonde la Mzab. Huko hapakuwa tena na Imamu wala mkusanyaji wa serikali, basi kazi ikarudi kwa halaka ya Azzaba na kwa koo: kila ukoo una mkutano wake, nao ndio unaomwekea yatima msimamizi wa mali yake na kumtazama mjane na mkongwe asiye na mtu.

Ama Ibn As-Saghir hakuwa Ibadhi, na alisema wazi kwamba hawapendi watu wa madh-hebu hayo. Alikuwa na duka lake katika soko la Tahart, na habari za Imamu wa kwanza alizichukua kwa wazee wa mji, waliozisikia kwa baba zao. Aliona kwamba kuacha kuzieleza kama zilivyo ingekuwa khiana, basi akaziandika zote: mtu juu ya dari na udongo mikononi, mali iliyorudishwa Basra, na majuba ya sufi yaliyogawiwa mafakiri.